Mkono Uliompungia Reem

Wanjala, Okello, na nyinyi wengine mliobaki pale gereji: mliniomba niwaandikie namna ya kulitunza lile gari jekundu kabla sijaondoka, nami nikawaahidi ukurasa mmoja. Huu si ukurasa mmoja. Nimestaafu, nina muda, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii hakuna mtu anayenipigia honi nitoke nje.

Vyeo sitavitaja, maana nilivyopewa vilikuwa vya mdomo tu. Mshahara nao haukuwa mrefu kiasi cha kustahili aya yake. Nitaanza na siku ya kwanza, kwa sababu hiyo ndiyo ninayoikumbuka vizuri kuliko jana.

Nilifika Riyadh kama dereva wa nyumbani. Kwetu Voi nilikuwa fundi wa magari ya rali, na niliwahi hata kuketi kiti cha kushoto nikimsomea dereva njia, lakini wakala aliyenisafirisha aliniambia Saudia hakuna anayetafuta msoma njia, wanatafuta mtu wa kupeleka watoto shule. Asubuhi hiyo madam alinipa funguo za gari kubwa jeupe, akapanda nyuma na watoto, akasema, “Yalla,” yaani twende. Nikauliza kwa adabu tunaelekea wapi. Akasema tena, “Yalla.” Hapo hapo nikaelewa kwamba dereva wa Riyadh anatakiwa ajue aendako kabla hajaambiwa. Nikakata kulia kwa kubahatisha, na kumbe shule ilikuwa huko huko.

Bosi wangu tulimwita Abu Nasir. Mwanzoni hakunijua zaidi ya kisogo changu. Yeye ndiye aliyeanza kuniita Yusuf, kwa sababu Joseph alisema linamchosha ulimi, na tangu hapo hata ndugu zangu wa mtaa wa Batha wakawa wananiita hivyo. Siku moja gari la madam lilizima barabarani mchana wa jua kali, mkanda wa injini umekatika, mimi nikaufunga kwa kipande cha soksi yangu ya nailoni tukafika nyumbani. Bosi alifungua boneti, akaitazama ile soksi kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Wiki hiyo akanipeleka istiraha yake, shamba la mapumziko nje ya mji, akanionyesha banda. Ndani yake kulikuwa na magari ya zamani ya Kimarekani chini ya maturubai, na pembeni kabisa hilo jekundu.

Mnalijua, lakini siku ile mimi nilidhani limeliwa nusu. Ni refu, jembamba, halina mlango, halina taa, halina hata kitufe cha kuwashia. Linasukumwa na pikapu mpaka likubali. Lilitengenezwa miaka ya hamsini kwa ajili ya viwanja vya duara vya kule Marekani. Bosi alikuwa amelinunua pamoja na mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa Mzee Chester, ambaye ujanani alikuwa dereva wa mashindano kwao. Aliletwa akae nasi msimu mmoja atufundishe gari, akakaa zaidi, kwa sababu alilipenda jua letu na wali wa kabsa. Alikuwa mfupi, kidole kimoja hakikunjiki, kiko wima daima, na alitembea akiegemea upande. Alianza mashindano akiwa bado wa kwenda shule, akawadanganya waandaaji kuhusu umri wake. Alikimbia kwenye viwanja vya vumbi vya maonyesho ya kilimo, Jumamosi mji huu, Jumapili mji ule, akilala ndani ya lori lililovuta gari. Mikanda hawakufunga. Nikamuuliza kwa nini. Akasema waliona ni heri kurushwa nje kuliko kubaki ndani na moto. Aliwahi kufika kwenye mashindano makubwa kuliko yote ya kwao na akamaliza, na hilo la kumaliza ndilo alilolitaja kwa majivuno, kwa sababu rafiki zake wengi hawakumaliza, na alipowataja majina alikuwa anageuka na kutafuta spana ambayo haikupotea. Baadaye alioa, mkewe akamwambia imetosha, akawa dereva wa basi la shule hadi kustaafu.

Huyu ndiye mwalimu wangu. Nyundo ya shaba iliyo kwenye kisanduku cha bluu ni yake. Msigongee nati za magurudumu kwa nyundo ya chuma, mtazing'oa masikio. Upande wa kushoto nati zinafunguka kinyume na upande wa kulia, na ukisahau utaikaza mpaka mchana. Pampu ya mkono iliyo kando ya kiti si pambo, dereva anapampu mafuta mwenyewe huku anaendesha. Na jioni, gari likishalala, toeni spiriti yote kwenye mabomba na mpitishe petroli kidogo, la sivyo asubuhi mtakuta ndani kumeota unga mweupe.

Spiriti hiyo ndiyo inayoendesha gari, na ina tabia moja mbaya: ikiwaka haionekani. Jua la Riyadh likiwa juu hapo ndiyo kabisa, huoni moshi, huoni mwali. Siku moja nilikuwa najaza tangi mbele ya wageni wa bosi, nikahisi mkono umepata joto lisilo la kawaida. Nikaanza kuruka na kujipiga kifuani na mgongoni. Wageni walidhani nacheza ngoma ya kwetu, wakaanza kupiga makofi, mmoja akatoa simu. Mzee Chester alichukua ndoo akanimwagia yote. Tangu siku hiyo ndoo ya maji haiondoki kando ya gari, na yeyote atakayeitumia kuoshea soksi nitasikia hata nikiwa Voi.

Sasa kuhusu kona. Injini ya gari hili imewekwa kushoto makusudi, na matairi ya kulia ni makubwa kuliko ya kushoto, kwa sababu kwenye viwanja vya kwao watu huzunguka kushoto tu kuanzia wanapoanza hadi wanapomaliza. Kwenye barabara iliyonyooka linakuvuta kushoto. Kwenye kona ya kushoto linakwenda lenyewe na unajiona bingwa. Kona ya kulia ndiyo kesi. Nilimuuliza Mzee Chester kama maishani mwake aliwahi kukata kulia. Akasema ndiyo, na lile basi la shule.

Lakini viwanja vya hapa vina kona zote mbili, kwa hiyo tulikaa miezi tukitafuta njia, yeye akisema, mimi nikijaribu, kwenye uwanja wa mtu mmoja rafiki wa bosi. Tulichopata ni hiki. Punguza mwendo kabla ya kona, ukiwa bado umenyooka. Ukishaingia, breki isahau. Mguu ubaki kwenye mafuta, mwepesi, gari liendelee kuvuta. Tazama unakotaka kwenda. Ukikanyaga breki katikati ya kona ya kulia, sehemu ya nyuma itakuja mbele kukusalimia.

Bosi hakuwa na subira ya miezi, siku moja akaja uwanjani kulijaribu mwenyewe. Kesho yake ilikuwa siku ya maonyesho, wenye magari ya zamani wa Riyadh nzima wamealikwa, na yeye alikuwa amewaambia watu kwamba ataendesha mwenyewe. Akaingia, tukalisukuma, likawaka, akakata kushoto mara mbili vizuri kabisa. Kisha ikaja kona ya kulia. Tulimkuta ameketi ndani ya gari katikati ya mchanga, ameelekea alikotoka, ameshika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayesubiri taa ya kijani. Hakuumia, wala gari. Ila hakutaka kuingia tena, na alituambia hivyo bila kutuzungusha. Namheshimu kwa hilo, wengi wangelilaumu gari.

Jioni ile alinikuta nafuta mchanga kwenye breki.

“Yusuf, simama hapa.” Akasimama kando yangu, bega kwa bega. “Wewe na mimi urefu mmoja.”

“Ndiyo, bosi.”

“Na tumbo?”

“Kwa tumbo, bosi amenizidi kidogo.”

“Mafi mushkila, hakuna shida. Tutatia mto.”

Ndivyo nilivyoanza kuwa yeye. Zamani madereva wa viwanja vya vumbi walijifunga kitambaa puani na mdomoni, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kuona dereva amejifunga shemagi nyekundu ya bosi, kile kitambaa cha kichwani cha Kiarabu, chini ya kofia ngumu, miwani ya vumbi juu yake, glavu hadi kwenye mikono ya ovaroli. Bosi aliingia kwenye trela la kubebea gari akiwa amevaa hivyo, watu wakimwona. Aliyetoka alikuwa mimi, na mto tumboni. Nikimaliza naingia trela, natoka na ovaroli yangu ya bluu na ufagio, yeye anatoka na shemagi shingoni, jasho linamtiririka, watu wanambusu mashavu. Jasho lilikuwa la kweli, maana trela lile halikuwa na feni.

Mzee Chester alicheka mpaka akakaa chini. Alisema enzi zake matajiri walinunua magari na maskini wakayaendesha, lakini kwenye picha walisimama wote wawili. Sisi tumeokoa nafasi ya mtu mmoja. Nilimuuliza kama ananiona mjinga. Akaniambia, “Yusuf, unaendesha gari ambalo mimi ningelipa kuliendesha. Waache wapigwe picha.” Mwaka uliofuata alirudi kwao, na habari ya kifo chake ikatufikia kupitia mwanawe. Nililia. Nilikwenda nikakaa ndani ya gari, na bosi akaja akasimama hapo hapo.

Tuliendelea hivyo miaka na miaka, Riyadh kwanza, kisha Jeddah bosi alipohamishia gereji huku na mimi nikahamia chumba cha Al-Hindawiyah mnachokijua. Ninyi mlioajiriwa baadaye mlijua, kwa sababu lazima mtu afunge mto ule vizuri. Nje ya gereji hakujua mtu, na kwenye nyumba ya bosi hakujua mtu hata mmoja.

Sasa nifike kwa Reem, kitinda mimba wa bosi, ambaye nilimpeleka shule tangu begi likiwa kubwa kuliko yeye. Aliniita ami Yusuf, na bado ananiita hivyo. Sheria iliporuhusu wanawake kuendesha, yeye alikuwa wa kwanza nyumbani kupata leseni, na alianza kushindana na magari madogo ya kisasa. Ana kipaji, nasema bila kupendelea. Miezi michache iliyopita, karatasi zangu za kuondoka zikiwa kwenye meza ya bosi zikisubiri sahihi, Reem alikuja gereji akiwa na baba yake, akatangaza kwamba kwenye maonyesho ya Jeddah ataendesha lile jekundu.

“Na anayenifundisha ni baba,” akasema. “Sitaki mwingine. Nimekua nikimtazama.”

Bosi akanitazama. Sijawahi kuona mtu mzima anatazama vile.

Reem alipotoka, bosi alinishika mkono. “Yusuf, huyu mtoto hajivunii nyumba yangu wala biashara. Anajivunia kitu kimoja tu, na hicho si changu.” Akaniomba nimfundishe kupitia yeye. Wanjala, wewe usiku ule wa chai pale Al-Hindawiyah hukunificha: “Mzee, hiyo ni moto. Huyo dem akijua, bosi ata-sign exit yako kweli? Just do vile anasema, umalize, uende home.” Lilikuwa shauri jema. Nililifuata karibu hadi mwisho.

Basi tukaenda uwanja wa mazoezi. Reem ndani ya gari, vipokea sauti masikioni. Bosi kwenye uzio na redio ya upepo. Mimi nyuma yake, nimemshikia mwavuli wa jua kama mtumishi mwema, nanong'ona.

“Mwambie apunguze sasa.”

“Punguza sasa, binti yangu.”

“Aachie breki. Mafuta kidogo.”

“Achia breki. Mafuta kidogo.”

Ilikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Vizuri mno, ndiyo shida. Kila mzunguko Reem aliongeza mwendo, na bosi naye akapata raha, akaanza kuongeza ya kwake: “Mashallah! Nyanyua mabega! Pumua!” Nikanong'ona apunguze mapema zaidi, yeye akawa anaendelea na mabega. Reem akaingia kona ya kulia kasi kuliko inavyofaa. Tuliona nyuma ya gari ikianza kusogea nje, kuelekea ukuta. Na baba, kama baba yeyote, akapiga kelele redioni: “Breki! Breki!”

Mwavuli sijui niliutupa wapi. Nilimnyang'anya redio mkononi. “Reem, acha breki! Mafuta! Mguu mwepesi. Tazama barabara, usitazame ukuta. Hapo hapo. Ngoja. Ngoja. Nyoosha.”

Sauti hiyo alikuwa anaitii tangu utoto: funga mlango, kaa vizuri, usitoe mkono dirishani. Akatii. Tairi la kushoto likagusa mchanga, gari likatikisika, likanyooka, likaendelea. Wanjala, ulikuwepo lakini ulikuwa umefumba macho, kwa hiyo nakuhadithia.

Alizunguka polepole, akazima injini mbele yetu, akavua kofia. Hakunitazama mimi. “Baba, wewe umesema breki. Ningekanyaga ningekufa. Mbona Yusuf ndiye anayejua?”

Nilikuwa na uongo tayari mdomoni. Nilitaka kusema nimejifunza kwa kumtazama bosi. Lakini bosi alinyanyua mkono kunizuia.

“Kwa sababu ndiye aliyekuwa ndani,” akasema.

“Lini?”

“Siku zote. Isipokuwa moja, na hiyo niliishia mchangani.”

Reem aliweka kofia juu ya kiti, akaenda kwenye gari lake, akaondoka. Hakupiga kelele. Ingekuwa heri angepiga.

Siku zilizofuata hakuongea na baba yake. Bosi alikuja gereji, akakaa juu ya tairi, chai ikapoa mkononi. Karatasi zangu alikuwa amekwisha kuzitia sahihi, alizitupa tu kwenye benchi la kazi kama kitu kisicho na maana. “Nimempoteza, Yusuf. Halas, imekwisha.” Niliumia. Miaka yote nilikuwa nimejiambia kwamba mimi ndiye niliyenyimwa kitu, na sasa ningeirudisha ile shemagi hata kwa magoti kama ingemrudishia binti yake.

Reem alikuja siku ambayo bosi hayupo. Akachukua kitambaa akaanza kufuta gari pamoja nami, upande wake wa kulia, mimi upande wa kushoto.

“Ami Yusuf, nilipokuwa mdogo, gari likipita mbele ya viti vya watoto, dereva alikuwa ananipungia mkono. Kila maonyesho. Niliwaambia shule nzima kwamba baba yangu ananiona hata akiwa kwenye mwendo ule. Kumbe ni wewe.”

“Mkono ulikuwa wangu.”

“Basi hata hilo halikuwa lake.”

Nikaweka kitambaa chini. Nikamwambia kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza. Ndani ya trela, baba yake akishanifunga shemagi, hakuwahi kuniambia niende kasi, wala niende pole, wala nisiliharibu gari. Alisema tu, “Usisahau Reem.” Mara moja upepo ulikuwa mbaya sikuweza kuachia usukani, sikumpungia. Niliporudi alinifokea kuliko siku yoyote ya kazi yangu, na ovaroli imemlowa chapachapa.

“Alijuaje?” akauliza. “Si alikuwa amejificha ndani?”

“Trela lina tundu. Alilitoboa mwenyewe kwa drili.”

“Kutazama gari.”

“Hapana. Njoo uone.”

Nikampeleka nyuma, trela lilikuwa bado lipo, na tundu lipo, chini kidogo ya usawa wa macho ya mtu mzima. Nikamwambia achungulie, nikamweleza jinsi nilivyokuwa naegesha kila mara, na nilivyokuwa naambiwa nirudi nyuma, nisogee, tena, mpaka lielekee panapotakiwa. Lilielekea viti vya watoto. Uwanja hauonekani kutoka pale. Miaka yote hiyo bosi hakuwahi kuliona gari lake likikimbia hata mara moja. Alisimama kwenye joto lile, ameinama, akimtazama mtoto akipungiwa.

Reem alichungulia kwa muda mrefu kuliko kinachoonekana huko, maana siku hiyo hakikuonekana kitu ila ukuta wa gereji. Kisha akaniomba namba mpya ya simu ya baba yake, ile ambayo tayari alikuwa nayo.

Maonyesho mliyaona. Aliendesha yeye, uso wazi, jina lake likatangazwa kwa kipaza sauti. Kona ya kulia aliikata vizuri kuliko mimi, na hili naliandika ili asiwahi kunilazimisha kulisema. Bosi na mimi tulisimama kwenye uzio, yeye na fimbo yake, mimi na ndoo ya maji. Macho yake siku hizi hayaoni mbali. Gari lilipokaribia, mkono wa Reem ukanyanyuka juu ya usukani.

“Amepunga?” bosi akaniuliza.

“Amepunga.”

“Kwako au kwangu?”

Nikamwambia ainue mkono kwanza, maana gari halisubiri. Tukainua wote wawili.